Kubadilishana vipando na majirani hapa Tanga: tuanze vipi bila kusambaziana magonjwa?

Bustani ya Sahare ameuliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu wapenda mimea.

Mimi ni mkazi wa Sahare, hapa Tanga mjini. Bustani yangu ni uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba pamoja na kipande kinachofuata ukuta, na udongo wake ni mchanga uliochanganyika na mawe ya matumbawe, kwa hiyo kila kinachokubali kustawi humo nakienzi. Nina asumini, mrehani, mchaichai, mishubiri inayotoa watoto bila kuchoka, bogonvilia nyekundu na mkomamanga mmoja. Wenzangu wa mitaa ya jirani wana langilangi, mkadi, mwaridi wa zamani ule wenye harufu, na mmoja ameletewa hiliki na pilipili manga na ndugu zake wa Amani. Kwa muda mrefu tumekuwa tukipeana juu ya ukuta, leo kitawi, kesho mche, na sasa tunataka uwe utaratibu: tukutane mwanzoni mwa masika na tena vuli zinapoanza, kila mtu aje na anachoweza kutoa na aondoke na anachohitaji.

Kabla hatujapanga siku, yapo mambo yanayonitatiza. La kwanza ni haki baina yetu. Anayeleta kitawi cha mrehani, ambacho huota mizizi ndani ya glasi ya maji, hakutoa jasho sawa na aliyelea mche wa langilangi mpaka ukafika magotini, na sipendi mtu aondoke na kinyongo. Jambo jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi, ni magonjwa. Mwenzetu mmoja ana shamba upande wa Muheza na amejitolea kutuletea sote pingili za mihogo na machipukizi ya migomba ya mkono wa tembo; mwingine ana ndugu Lungalunga, ng'ambo ya mpaka, walio tayari kumpa vikonyo vya miembe na michungwa avuke navyo Horohoro. Nia zao ni njema kabisa, lakini nahofia tusije tukagawana maradhi kwa mikono yetu wenyewe. Tena wapo waliopendekeza twende Amani tukachimbe lile ua dogo la zambarau la Usambara, kwa kuwa Wazungu wanalipanda madirishani kwao ilhali sisi wenye milima hatuna hata chungu kimoja.

Naomba ushauri wa wale waliowahi kufanya jambo hili, au wanaoijua mimea kwa undani kuliko mimi.

Mzee wa Ngamiani amejibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Umeuliza vizuri, nami nitajibu hilo la haki tu, hayo ya maradhi nawaachia wataalamu.

Msiiwekee mimea bei. Mkianza kupima kuwa mche mmoja wa langilangi ni sawa na vitawi kumi vya mrehani, mtakuwa mmefungua gulio, na yule asiye na kitu cha kuleta, ambaye mara nyingi ni mpangaji au kijana aliyeanza maisha, hatakuja tena. Sisi hapa mtaani tumeshika desturi moja tu: anayepokea mmea ana deni la kutoa mtoto wa mmea huo siku utakapozaa, na si lazima amrudishie aliyempa, ampe yeyote anayeuhitaji. Kwa desturi hiyo aliyekuja mikono mitupu mwaka huu atakuwa mgawaji mwaka ujao, na hakuna anayeona aibu.

Na yule anayetoa asidhani kuwa amepungukiwa. Hapa mjini nyumba zinajengwa upya kila kukicha, na mafundi wakifika, mti wa uani ndio wa kwanza kukatwa. Nimeona miasumini ya miaka na miaka ikifukiwa chini ya zege kwa siku moja, na iliyonusurika ni ile ambayo wenyewe waliwahi kuwapa jirani zao. Kwa hiyo kipando ulichompa mtu ni akiba yako uliyoiweka kwake, na inafaa ukumbuke umeiweka kwa nani.

Kuhusu mkadi, nataka kuongeza neno, kwa sababu ni mti ambao watu huupata kwa kubahatisha. Mkadi una dume na jike, na ua lenye harufu, lile linalotiwa katika kikuba pamoja na asumini, langilangi na mrehani, ni la dume. Ukiotesha mbegu utangoja miaka ndipo ujue umepata nini. Ukichukua chipukizi linalotoka ubavuni mwa mkadi dume unaoujua, unaupata huo huo. Kwa mmea huu kubadilishana baina ya majirani kuna faida isiyopatikana kwa njia nyingine, kwa kuwa wewe mwenyewe umewahi kuinusa kadi ya mti ule.

Asumini nayo, kama ina matawi marefu ya chini, usihangaike kuikata. Chagua tawi lililo hai lakini limeanza kukomaa, likwangue gome kidogo kwa chini mahali lilipo na kifundo, lilaze ndani ya kishimo, lifukie, na juu yake weka jiwe ili lisiinuke. Mwagia maji kila mara. Tawi linaendelea kulishwa na mama yake huku likitoa mizizi yake, na baada ya mwezi mmoja au miwili unalikata na kulihamisha bila kulishtua.

Afisa Ugani Mstaafu, Muheza, amejibu:

Nawasalimu wote, na hasa mzee wetu wa Ngamiani, shikamoo.

Ndugu wa Sahare, hofu yako ina msingi, na ningependa kueleza ni kwa nini. Mbegu ni kizazi kipya, na magonjwa mengi ya virusi, ingawa si yote, hayapiti katika mbegu. Kipando si kizazi kipya. Ni mama yule yule aliyekatwa na kusimikwa mahali pengine. Ndiyo maana mkadi dume hubaki dume na mwembe wa kubebesha hutoa embe lile lile. Na ndiyo maana pia, mama akiwa na virusi ndani ya utomvu wake, kila pingili inayotoka kwake inatoka navyo, hata kama kwa macho inaonekana safi.

Mhogo ndio mfano ulio karibu nasi kuliko yote. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao leo unasumbua wakulima katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, hapa hapa mkoani kwetu. Ubaya wake ni kwamba unajificha. Batobato, ugonjwa mwingine wa mhogo, huonekana mapema kwa sababu majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia hujionyesha katika majani ya chini yaliyokomaa, ambayo hupata njano kandokando ya mishipa midogo, na majani hayo yakishapukutika shina linabaki limesimama vizuri kabisa. Mwenye shamba analikata, anagawa, na kila mtu anashukuru. Siku ya kuvuna ndipo mhogo unapokatwa na kuonekana ndani una madoa magumu ya kahawia yasiyoiva wala kulika. Nzi weupe huubeba ugonjwa huu kutoka shina hadi shina ndani ya shamba na kwa mashamba ya karibu, lakini anayeuvusha kutoka wilaya hadi wilaya ni binadamu aliyebeba mzigo wa pingili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba pingili za mihogo zisiingie katika mabadilishano yenu, hata kama anayezileta ni mtu mwaminifu. Mwenye kutaka mbegu ya mhogo atafute aina zinazohimili magonjwa hayo, kama vile Kiroba, Chereko, Kipusa au Mkuranga 1, kutoka kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, yaani Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu. Marando ya viazi vitamu yana hatari ya namna hiyo hiyo. Iwapo mtu lazima apeane na jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye nzi wao weupe ni wale wale, basi angalau wakague shamba pamoja mimea ingali na majani yake ya chini, wang'oe shina moja na kupasua mizizi yake kabla ya kukata pingili hata moja.

Michungwa nayo msiiguse. Upo ugonjwa wa bakteria unaofanya jani liwe na mabaka ya njano yasiyolingana upande wa kulia na wa kushoto, na matunda yabaki madogo, yaliyopinda, na kijani upande mmoja hata baada ya kukomaa. Hauna tiba. Hubebwa na vikonyo vya kubebeshea na vidudu vidogo vinavyofyonza majani machanga, na kwa sisi watu wa Muheza, ambao machungwa ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, kikonyo kimoja kilichotoka mahali pasipojulikana ni jambo la kuogopesha kweli. Vikonyo vya kutoka Lungalunga vina kizuizi kingine: mimea haivushwi mpakani bila kibali cha kuiingiza nchini na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka, na wanaosimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mwambieni mwenzenu asifiche vikonyo mkobani. Ukaguzi ule unailinda michungwa ya wakulima ambao hajawahi kuonana nao.

Mtu asije akadhani kwamba nachukia mimea iliyotoka mbali. Mkonge wenyewe, uliojenga jina la Tanga, ulifika hivyo. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Vichipukizi hivyo vichache vilikuwa mwanzo wa mashamba yote makubwa mliyoyaona kandokando ya reli. Mmea unaozaa kwa vipando unaweza kujaza nchi kutoka kwa mama wachache kiasi hicho, na ugonjwa wake unaweza kwenda mwendo huo huo.

Maua na viungo vya jikoni ni jambo jepesi zaidi. Peaneni, lakini geuzeni majani mtazame upande wa chini na kwenye vifundo. Mkiona vitu vyeupe kama pamba, hivyo ni vidung'ata. Tawi lisafishwe kwa maji ya sabuni na likae mbali na mimea mingine kwa wiki mbili au tatu kabla ya kupandwa. Wembe ufutwe kwa spiriti kila mnapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Na tafadhali msibebe udongo wa bustani ya mtu. Minyoo ya mizizi husafiri humo bila kuonekana.

Neno dogo kuhusu hiliki: haitawafaa Sahare. Imezoea ubaridi, kivuli na unyevu wa Amani, ambako ni kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mchanga na upepo wa chumvi itaungua majani ndani ya kaskazi moja. Pilipili manga ina nafuu, mradi ipate kivuli, mboji nyingi na mti wa kukwea.

Kitalu cha Pongwe amejibu:

Shikamooni wakubwa zangu. Dada wa Sahare, hongera kwa wazo hili.

Mimi ninauza miche, na huenda mtu akadhani kuwa mabadilishano ya bure yananiharibia biashara. Sivyo hata kidogo. Wateja wangu wazuri ni wale walioanza kwa kupewa kitawi na jirani, kikashika, wakapata hamu. Ninachoomba ni kwamba mgawane vipando vilivyoota mizizi, kwa sababu watu wengi hukata tamaa baada ya kupewa vijiti vilivyokauka mikononi mwao.

Tazama bogonvilia. Unakata kijiti chenye unene wa penseli, unakisimika katika kiriba, na baada ya wiki chache kinatoa majani mazuri mabichi. Hapo ndipo watu hudanganyika. Kijiti kile kina chakula kilichohifadhiwa ndani yake, na kinaweza kutoa majani kikiwa hakina mzizi hata mmoja. Akiba ikiisha, majani yananyauka kwa siku mbili na kijiti kinakufa. Kwa hiyo usipime kwa majani. Kishike kijiti karibu na udongo ukivute polepole mno kwa vidole viwili: kikikataa kutoka, kimeshika, kikicheza, kirudishie kivuli chake na uendelee kungoja. Kuna wanaotazama matundu ya chini ya kiriba, na mizizi myeupe ikichungulia pale, hakuna haja ya kuvuta kitu.

Kwa udongo wa kuoteshea, mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri, uliochanganywa na mboji kidogo, unatosha. Usitumie mchanga wa pwani wenye chumvi, na samadi mbichi huozesha kipando kabla hakijaota. Mishubiri na mimea mingine yenye maji mengi inataka kinyume cha ile ya kawaida: ukishaikata, iache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke ndipo uipande.

Halafu kila kiriba kiandikwe, kwa kalamu ya wino usiofutika na maji, jina la mmea, rangi ya ua kama lipo, mtaa ulikotoka na mwezi uliokatwa. Bogonvilia nyekundu na nyeupe zikiwa hazina maua ni vigumu sana kuzitofautisha. Na siku ugonjwa ukitokea kwa mmoja, mtajua ni nani wengine waliopokea kutoka kwa mama yule, mkawaarifu siku hiyo hiyo.

Bustani ya Sahare:

Mzee wangu, shikamoo, na asanteni nyote. Mihogo na michungwa nimeiondoa kabisa katika mpango wetu. Ila wenzangu hawataki kuiachia migomba, kwa sababu mkono wa tembo ni adimu mjini na huyo mwenye shamba ni ndugu yetu wa karibu. Je, ipo njia ya kuyasafisha machipukizi?

Afisa Ugani Mstaafu, Muheza:

Ipo, lakini ijueni mipaka yake. Chukueni machipukizi yenye majani membamba kama upanga, kutoka kwenye shina lisilo na dalili zozote za ugonjwa. Kateni mizizi yote, kisha menyeni tunguu kwa kisu kikali mpaka libaki jeupe lote. Mkikuta vijitundu vyeusi au njia za kahawia, hao ni fukusi wa migomba na viwavi wao; vikiwa vichache menyeni mpaka viishe, vikiwa vimeingia katikati litupeni chipukizi hilo mbali na bustani, au lichomeni. Tunguu likishakuwa jeupe lichovyeni katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, si zaidi. Joto hilo linaua minyoo na mayai ya fukusi yaliyo juu juu bila kuua kiini. Umenyaji ufanyike kule kule shambani, ili maganda yasiletwe mjini.

Mipaka yenyewe ni hii: maji ya moto hayaondoi virusi wala mnyauko. Kama katika shamba lile kuna mgomba uliowahi kugeuka njano kuanzia majani ya chini na kupasuka shina, au mkiukata shina mkakuta nyuzi za ndani ni za kahawia au nyekundu, msichukue kitu chochote hapo, hata kutoka kwenye mgomba wa pembeni unaoonekana mzima, kwa sababu ukungu ule hukaa ardhini miaka mingi.

Mwenyeji wa Amani amejibu:

Nimechelewa kuliona swali hili, lakini lile la ua la Usambara linanihusu.

Msije kulichimba, ndugu zangu. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika eneo letu, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Maua yote yanayopambwa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani yalianzia huko. Lakini hapa kwetu mimea ya asili imebaki kwenye mapengo ya miamba yenye kivuli na unyevu, sehemu nyingine ni jabali moja tu au ukingo wa kijito kimoja, na watu kumi wakija na vijiko wanaweza kumaliza kundi zima kwa asubuhi moja. Zaidi ya hayo, msitu huu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kuchukua mmea humo bila kibali ni kosa.

Jambo la kufurahisha ni kwamba ua hili halihitaji kuchimbwa. Tafuteni mtu mwenye chungu cha aina ya bustanini na mumwombe jani moja tu, lililokomaa, pamoja na kikonyo chake. Likatwe kwa mshazari, kikonyo kisimikwe katika mboji laini yenye unyevu mdogo, lifunikwe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, likae mahali penye mwanga lakini pasipo jua. Baada ya wiki kadhaa mtaona vijani vidogo vikichomoza chini ya jani, na kila fungu la vijani hivyo ni mmea mpya. Jani moja linaweza kutosha nyumba tatu. Kwa joto la Tanga mjini liwekeni upande wa ukuta unaopata upepo, na msimwagie maji juu ya majani, kwani huacha madoa.

Niongeze jambo ambalo sisi wa huku tunaishi nalo. Mhesi ni mti ulioletwa kupandwa Amani, na ndege wakaipenda mbegu yake, wakaisambaza mpaka leo unapatikana kila penye uwazi ndani ya msitu wa asili. Mkutanapo, mtu akileta ua la mwitu linalozaa vitunda vingi vya kuliwa na ndege, kama ile lantana ya kuzungushia ua wa nyumba, mkataeni kwa heshima hata kama maua yake yanavutia. Ukuta wa bustani hauwazuii ndege.

Bustani ya Sahare:

Ahsante sana, ndugu wa Amani. Safari ya kuchimba imefutwa, na tayari dada mmoja wa Chumbageni amesema ana chungu kimoja na atatoa majani. Tutakutana Jumamosi ya kwanza baada ya vuli kushika, uani kwangu, kuanzia saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwa upande wangu nimelaza matawi ya asumini kama alivyoelekeza mzee, na watoto wa mishubiri nimewaweka kivulini wakaushe vidonda. Kijana wa Pongwe, ukiweza tuletee viriba vidogo na kalamu mbili za wino ule, gharama yake tutachanga. Mzee wa Ngamiani, tunaomba chipukizi la mkadi wako, na ninayetangulia kuliomba ni mimi.

Mzee wa Ngamiani:

Limo, mwanangu, nimeshalitia alama kwa kitambaa. Ila litafutie mahali mbali na njia ya watoto, majani yake yana miiba pande zote mbili na mgongoni.